Boga la kilo 43 lamtia mwalimu mkuu jikoni!

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mjini hapa vijana tunashindana kwa simu, kwa viatu, kwa nani kapiga picha kaegemea gari la nani. Ukoo wetu sisi, kule Lushoto, unashindana kwa maboga. Ndiyo, umesoma sawasawa, maboga! Watu wazima wenye mvi, wengine wastaafu wa Serikali, wanarushiana vijembe mwaka mzima kisa nani ana boga kubwa kuliko mwenzake.

Usicheke kwanza, msomaji. Twende taratibu, maana mchezo huu ulianza kama utani na sasa hivi kuna wanunuzi wa viazi wakisikia jina la bibi yangu wanakunja ndita.

Chanzo ni Nane Nane ya mwaka 2021. Baba mdogo, ambaye ni fundi magari hapa Dar, alipanda mlimani kusalimia wazee akamkuta baba mkubwa anajitapa na boga lake uani. Baba mkubwa ni mwalimu mkuu mstaafu, na nyote mnawajua walimu wakuu wastaafu. Hata akikuomba chumvi ni kama anasoma matangazo ya paredi. Akasema hakuna mtu katika ukoo ule anayeweza kulima kitu kama kile. Baba mdogo akalizunguka lile boga, akalibonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza tairi, akauliza: "Kaka, hili boga au limau?"

Weee! Moto ukawaka hapo hapo. Chakula kilipoa mezani watu wakibishana. Bibi ndiye aliyekata mzizi wa fitina. Akasema masika ikifika kila mwenye mdomo atapewa shina moja la boga kule bondeni, shina moja tu, maana shamba lake ni la chakula na si uwanja wa mpira. Siku ya Nane Nane inayofuata mabishano yatamalizwa kwenye mizani.

Masharti yakawekwa. Sisi wa mjini hatuwezi kupanda na kushuka Mombo kila wiki, kwa hiyo kila mmoja akapewa mtoto wa nyumbani wa kumsimamia shina lake, tukawaita makocha. Wewe unatuma hela ya samadi, kocha anamwagilia na kukupa habari. Boga lililopasuka au kutoboka halipimwi. Mshindi anakaa kwenye kiti cha marehemu babu na anakula firigisi. Wa mwisho anaosha masufuria yote ya sherehe, yale ya kuni yenye masizi, awe nani awe nani. Hakuna cha cheo wala umri.

Ndoa za alfajiri

Kabla sijaingia mchezoni nilidhani boga ni kutupa mbegu na kusahau. Thubutu! Boga lina mambo mengi kuliko bibi harusi wa Magomeni.

Kwanza kabisa, shina moja lina maua ya kiume na ya kike. La kiume linasimama kwenye kikonyo chembamba, halina mzigo, ndani lina unga wa njano tu. La kike unalijua kwa kiboga kidogo kilichokaa chini yake hata kabla halijafunguka, kama mimba iliyotangulia ndoa. Ua hufunguka alfajiri na jua likishapanda linajifunga, basi, nafasi yake imepita. Nyuki asipofika asubuhi ile, kile kiboga kinageuka manjano kinadondoka.

Sasa watu wa mashindano hawamsubiri nyuki. Jioni kocha analifunga ua la kike kwa uzi ili lisifunguke ovyo. Alfajiri anakata ua la kiume, analichuna petali, anakwenda kulipaka unga la kike kwa mkono wake. Anayefungisha ndoa ni mtoto wa darasa la sita, na kabla ya kengele ya namba ameshamaliza. Binamu yangu, kocha wa baba mdogo, alikuwa akipiga simu saa kumi na mbili asubuhi: "Baba mdogo, ndoa imepita!" Baba mdogo anaamka kitandani Mbagala anashangilia, mkewe anashindwa kuelewa ni ndoa ya nani.

Vikishatunga viboga viwili vitatu unabakiza kimoja tu, vingine unavikata ili nguvu yote iende kwa mteule. Hapo bibi alikuwa anageuza uso pembeni. Kwake yeye kukata kiboga kichanga ni kumwaga chakula. Tambazi linalotambaa unalifukia kwenye vifundo litoe mizizi mingine. Chini ya boga unaweka ubao au nyasi kavu lisioze, na juu unalikinga na jua ili ngozi isikakamae mapema. Kanga kuukuu zinafaa sana. Mwaka 2022 bondeni palikuwa na maboga yamejifunika kanga kama akina mama wa kitchen party. Na maji yawe ya kiasi kila siku. Ukilikausha wiki nzima kisha ukalimwagia ndoo kumi kwa pupa, linakua kwa kishindo linapasuka.

Adui mkubwa wa mashindano, hata hivyo, alikuwa hakimu mwenyewe. Bibi anapenda msusa, yaani majani ya maboga, wa karanga. Kila kukicha kuna majani yamepungua na kila mtu anamjua aliyechuma, lakini nani atamshtaki hakimu?

Mwaka ule wa kwanza aliyewanyamazisha wote ni mama yangu, mtu wa Tukuyu, aliyeingia ukoo ule kwa ndoa tu. Boga lake lilifika kilo 19, la baba mkubwa 18 na nusu. Lakini ilibidi tupimie dukani, kwa mizani ya mawe, na mawe yenyewe hayakutosha. Tukaongezea pakiti za sukari. Baba mkubwa akakata rufaa kwamba sukari ya dukani haijawahi kutimia kilo, na mwenye duka akatufukuza wote. Baba mdogo akaapa mwaka unaofuata angekuja na mizani ya ukoo.

Wenzetu wamevuka mpaka

Watu wakinisikia nasimulia haya kijiweni Tabata wananiambia ukoo wetu una kichaa. Basi nawaambia hawajaona kichaa.

Uingereza kuna pacha wawili, Ian na Stuart Paton, ambao wameshindana na maboga kwa zaidi ya miaka 50. Oktoba 2025 boga lao lilipimwa likavunja rekodi ya dunia kwa kilo 1,278.8. Hiyo ni zaidi ya tani, msomaji! Toyota Vitz ile unayoikimbilia asubuhi ina uzito mdogo kuliko boga la wale ndugu. Mwaka 1996, Marekani, mke na mume, Paula na Nathan Zehr, walikuwa wa kwanza kupita pauni 1,000, kwa boga la kilo 481 hivi, na dunia ikadhani hapo ndipo mwisho.

Siri yao kubwa ni mbegu. Mkulima mmoja wa Nova Scotia kule Kanada, Howard Dill, alikaa miaka na miaka akichagua mbegu za maboga yake makubwa na kuyaoanisha, mpaka akapata aina inayoitwa Atlantic Giant. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, na majitu mengi ya leo asili yake ni mbegu zake.

Halafu kuna suala la jua. Binamu mwingine, anayejifanya mwanasayansi wa ukoo, alituletea hoja ya Alaska. Palmer, mji mmoja wa huko, katikati ya kiangazi jua linakaa angani kama saa 19, mmea hauna muda wa kulala. Ndiyo maana kwenye maonyesho yao ya mwaka 2012 mkulima Scott Robb alileta kabichi la kilo 62.7. Sisi karibu na ikweta tunapewa saa zetu 12 hivi, Januari mpaka Desemba. Baba mkubwa aliipenda sana hoja ile. Tangu siku hiyo akishindwa anasema ni jiografia.

Bibi aliposimuliwa boga la tani aliuliza swali moja tu: "Na linaliwa?" Nikamweleza kwamba likishakuwa jitu linajaa maji, utamu unapungua, na mengi huishia kuchongwa au kulishwa mifugo. Akatikisa kichwa. "Basi hao hawana njaa." Akarudi kwenye msusa wake.

Mizani chini ya mparachichi

Nane Nane ya 2023 baba mdogo alitimiza ahadi. Alishuka kwenye basi na mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso kama saa, inayofika kilo 200. Aliinunua Kariakoo. Tukaifunga kwenye tawi la mparachichi uani kwa bibi, boga likatiwa kwenye wavu, mshale ukapanda. Baba mdogo, kilo 27. Nilivyomwona amekaa kwenye kiti cha babu na firigisi mkononi, nikajua nchi imepata dikteta. Mimi nilipata kilo 14, nikaponea chupuchupu kuosha masufuria.

Sherehe ikaisha, tukarudi mjini. Mizani ikabaki inaning'inia pale.

Sasa sikiliza. Bibi analima viazi ulaya, na kwa kawaida tajiri anakuja na wapakiaji wake na magunia yake. Gunia likishajaa wanaongeza, wanaongeza tena, wanajenga kichuguu juu yake wanakishona kwa kamba. Ndiyo lumbesa. Mnaiona kila siku Ilala na Mabibo. Inaitwa gunia moja na inalipwa gunia moja. Sheria inakataa, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipigia kelele miaka nenda rudi. Lakini shambani tajiri ndiye anayekuja na hela, na sheria haina lori.

Siku hiyo wapakiaji walikwenda kunywa chai. Bibi akamwambia yule binamu kocha, hebu tulitundike moja kama boga. Wakasaidiana na vijana wa jirani, wakalitundika. Mshale ukaenda 138.

Bibi alinipigia simu jioni ile. Hakusalimia sana. "Mjukuu wangu, wewe uliyefika kidato cha nne, 138 toa 100 inabaki ngapi?" Nikamwambia 38. "Mara magunia 8?" Nikamwambia 304. Akanyamaza. Hesabu aliijua, ila alitaka kuisikia ikisemwa na mtu mwingine. Kilo 304 ni magunia 3 mazima na chenji, yameondoka bure, na huo ni msimu mmoja. Amelima viazi tangu baba mkubwa hajazaliwa.

Mzigo ule ulikuwa umeshapokelewa hela, ukaenda. Lakini msimu uliofuata, mwaka 2024, bibi hakusubiri wapakiaji. Alijaza magunia yake mwenyewe chini ya mparachichi, kilo 100 kamili kila moja, akayashona yakawa yamelala juu sawasawa. Yakatoka 11.

Tajiri alipofika alicheka. "Bibi, magunia yako yamenyolewa kipara?" Akaambiwa bei ni kwa gunia, na gunia ndilo hilo. Akapanda gari akaenda kwa jirani. Wa pili akaja, naye vivyo hivyo. Siku zikaenda, tano, saba, tisa, viazi vimefunikwa visipigwe na mwanga vikageuka kijani.

Hapo utani uliisha. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, miadi ya hospitali ilikuwa imeshapangwa, na hela ya kutibiwa ilikuwa ndani ya magunia yale. Baba mkubwa akasema uzeni hata kwa lumbesa, macho ya mama hayasubiri. Baba mdogo kwa simu akasema tukikubali mara hii tumekubali milele. Maneno yakawa makali. Wale wale waliokuwa wanaitana limau wakanuniana kweli kweli, wiki mbili hawapigiani. Bibi katikati, haoni vizuri, anasema tu: "Viazi ni vyangu."

Siku ya kumi na moja akaja mnunuzi kijana mwenye fuso lisilojaa. Akatoa 52,000 kwa gunia. Lumbesa ilikuwa 60,000, kwa hiyo ukisikia haraka haraka unadhani tulipunjwa. Piga hesabu. Lumbesa 8 za mzigo ule ule zingetoa 480,000. Magunia 11 yametoa 572,000, na kilo nne zilizobaki tulikula. Bibi alitibiwa macho, amechelewa wiki mbili. Sasa mshale wa mizani anausoma mwenyewe.

Msimalize kupiga makofi lakini. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alimwambia bibi mbele yangu, bila hasira: "Ninyi mna watoto Dar wanatuma hela, mnaweza kungoja siku kumi na moja. Mwanangu anatakiwa kuripoti bweni Jumatatu, godoro hana. Tajiri akija kesho nimwambie nini?" Akauza lumbesa, na mimi nisingethubutu kumlaumu. Mizani moja kwenye mparachichi haimpi mtu godoro. Ikiwa kitongoji kizima kitafunga magunia bapa siku moja, tajiri atakwenda wapi? Lakini kitongoji kizima hakina shida siku moja, na tajiri anajua sana hilo.

Foleni

Nane Nane ya 2025 nilifika asubuhi nikakuta watu uani kwa bibi. Nikadhani ni mashabiki wa maboga. Walikuwa majirani na magunia ya viazi na karoti, wamekuja kupima kabla ya kushona. Yule mama mjane alikuwepo na magunia mawili. Baba mkubwa, kwenye shati la mikono mirefu na tai, alikuwa amesimama kwenye foleni na boga lake ndani ya toroli, nyuma ya gunia la karoti. Akataka kupita mbele. Bibi akamwambia boga lisubiri, hilo haliendi sokoni.

Zamu yetu ikafika mchana. Mama yangu kilo 31. Baba mdogo lake lilishapasuka wiki moja kabla, akalizika kwa heshima zote. Mimi 22. Akaja yule binamu, kocha wa zamani, sasa yuko kidato cha pili na ameomba shina lake mwenyewe. Boga lake lilikuja juu ya bodaboda, limefungwa mpira kama abiria, dereva akalalamika lingepanda peke yake bila yeye. Mshale ukapita 30, ukapita 40, ukasimama 43. Kelele zake zilisikika mpaka barabarani!

Baba mkubwa alikuwa na 16. Wa mwisho.

Kabla hajafungua mdomo kuhusu jiografia, mtoto wa miaka kumi na tano alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha babu na firigisi imekwenda. Mzee wa watu akavua tai, akakunja mikono ya shati, akachukua majivu na kipande cha gunia, akainama kwenye masufuria. Nusu ya wale waliokuwa na magunia uani amewafundisha yeye, na wengine amewachapa. Walijipanga ukutani kumtazama. Mmoja akasema kwa adabu: "Mwalimu, hapo kwenye mkono wa sufuria bado kuna masizi." Baba mkubwa akasugua.

Jioni tulilikata lile la kilo 43. Bibi alilipika kwa nazi na hiliki, akalionja, akasema ni maji matupu, tukalila. Mbegu zikaoshwa zikaanikwa kwenye ungo, kila mtu achukue atakazo kwa ajili ya masika. Watu walipokwenda kulala nilimkuta baba mkubwa barazani na tochi ya simu, anachambua ungo ule peke yake. Alichagua kumi zilizojaa, akazifunga kwenye karatasi ya daftari, akaandika juu yake tarehe na "kilo 43", akazitia kwenye mfuko wa shati. Aliponiona akauliza kama hiyo Alaska wanatumia samadi ya ng'ombe au ya kuku.